Usijenge nyumba kwa bei ya juzi

Kuna daftari moja ambalo nusura livunje ndoa. Si daftari la barua za mapenzi, wala halikuwa na nambari ya simu ya mtu asiyefaa. Ni daftari la kawaida la kurasa 96 ambalo bwana mmoja ninayemfahamu, dereva wa lori, alilinunua mapema mwaka wa 2020 na kuandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza: NYUMBA YETU. Chini yake akaorodhesha saruji, mawe, mchanga, kokoto, vyuma, mbao, mabati na pesa za fundi. Akajumlisha, akapata shilingi 1,500,000. Hizo, kwa hesabu yake, zilitosha kuinua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala katika ploti yao huko Kitengela hadi kuezekwa. Mambo ya madirisha, plasta na rangi yangengoja.

Mkewe, ambaye anauza nguo sokoni, aliliona daftari hilo, akaridhika nalo. Alitoa fungu lake lote la chama cha akina mama, miaka sita ya kuweka kidogo kidogo, akamkabidhi mumewe. Msingi ukachimbwa mwishoni mwa 2020. Kuta zikapanda mwaka wa 2022. Mapema 2024 mabati yakapigiliwa, na majirani wakaja kutoa pongezi.

Jioni moja mama huyo akaketi na simu yake na bahasha la risiti, akajumlisha kila senti iliyokuwa imetoka. Alipata shilingi 2,120,000.

"Baba watoto, hizi laki sita na ushee zimekwenda wapi?" aliuliza.

"Bei zimepanda, Mama."

"Bei zimepanda, au kuna nyumba nyingine unayojenga?"

Bwana huyo kazi yake ni kulala safarini, leo Mombasa, kesho Malaba. Wajua basi ni nyumba gani mkewe alikuwa akiisema. Na ubaya wa mambo ni kwamba hakuwa na jibu. Yeye mwenyewe hakujua pesa zilikwenda wapi. Alijua tu kwamba hakuzila. Mama watoto alifunga virago akaenda kwao, akakaa huko wiki tatu.

Aliyewapatanisha si mzee wa kanisa wala chifu. Ni shangazi ya bwana, mwanamke aliyefanya kazi ya ukarani wa ghala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Aliwaita wote wawili, akaomba daftari na risiti zote, akasafisha meza. Risiti akazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la vitu vilivyoandikwa kwenye daftari lakini vikanunuliwa kwa bei ya juu zaidi. Fungu la pili lilikuwa la vitu ambavyo havikuandikwa kabisa. Walipomaliza kuhesabu, ilikuwa saa tano usiku. Fungu la kwanza lilieleza shilingi 250,000. La pili lilieleza 370,000.

Wamenipa ruhusa niwasimulie mkasa huu bila kuwataja majina, nami nimeshukuru, kwa sababu ndani ya mafungu hayo mawili mna karibu kila kitu ambacho mtu anayejijengea nyumba hapa Kenya anapaswa kujua kuhusu kukadiria gharama.

Hebu tuanze na fungu la pili, lile kubwa, maana ndilo tunalolisahau. Sisi sote tunalaumu bei. Ukimkuta mtu ambaye nyumba yake imekwama kwenye linta, atakuambia saruji imepanda. Ni kweli imepanda. Lakini katika nyumba hii ya Kitengela, pesa nyingi zaidi zilimezwa na ardhi kuliko saruji.

Bwana wetu alikuwa amenakili hesabu yake kutoka kwa mfanyakazi mwenzake aliyejenga Juja. Nyumba ni ile ile, ramani ni ile ile. Alichosahau ni kwamba ploti si ile ile. Kitengela, Athi River na sehemu kubwa ya Kajiado zina ule udongo mweusi unaovimba mvua inyeshapo na kupasuka jua liwakapo. Huwezi kusimamisha ukuta juu yake. Ni lazima uchimbe mpaka ukute ardhi ngumu, uuondoe udongo huo, kisha ujaze mawe na changarawe mahali pake. Daftari lilisema msingi wa futi mbili na nusu. Fundi alichimba futi tano. Ikiwa kuta za msingi zina urefu wa mita 60, basi kila safu moja ya mawe unayoongeza chini ya ardhi inakula karibu futi 200 za mawe, na hapo hujahesabu saruji ya kuyaunganisha, vibarua wa kuchimba, lori la kubeba udongo kwenda kuutupa na malori ya kuleta mawe ya kujazia. Jumla ya nyongeza hiyo ilikuwa shilingi 190,000. Zimefukiwa, hazionekani, na hakuna mgeni atakayekusifu kwa ajili yake.

Dawa yake ni rahisi hata inatia aibu. Kabla ya kuandika hata shilingi moja kwenye daftari, ajiri vijana wawili wachimbe mashimo matatu au manne katika ploti, kwenye pembe na katikati, mpaka wafike chini panapogoma. Ni kazi ya siku moja au mbili. Ukiona udongo mweusi unaendelea kushuka, mwite mhandisi akutazamie kabla hujaamua aina ya msingi. Pesa za mashimo hayo ni kidogo mno ukilinganisha na zile 190,000.

Vingine vilivyokosekana kwenye daftari ni vile vidogo vidogo. Maji ya kujengea, kwa sababu bomba halikuwa limefika na kila tangi lililoletwa na lori lilinunuliwa: 45,000. Usafirishaji, kwa sababu bei ya dukani si bei ya kwenye ploti: 60,000. Kibanda cha mabati cha kuwekea vifaa, pamoja na mshahara wa bawabu: 50,000. Na shilingi 25,000 za saruji iliyoshika unyevu, mbao zilizovunjika na vyuma vilivyotembea usiku bila miguu. Bwana huyo, msomaji, ni dereva wa lori. Gharama ya usafiri ndiyo kazi yake ya kila siku, na bado aliisahau katika nyumba yake mwenyewe!

Nawe ukikaa kuandika orodha yako, usiishie kwenye mabati. Kuna mchoro wa nyumba na ada za kuidhinishwa na kaunti. Kuna shimo la maji taka. Kuna tangi la maji na kiguzo chake, kuunganishiwa umeme na kuvuta nyaya ndani, ua na lango, maana hutalala katika nyumba isiyo na lango. Wengi huviita hivi "vya mwisho", kisha hugundua kwamba vya mwisho ndivyo vikubwa. Umaliziaji pekee, yaani plasta, sakafu, dari, milango, madirisha, mabomba, umeme na rangi, mara nyingi hukaribia theluthi moja ya gharama yote ya nyumba, na ukipenda vigae na makabati ya kisasa jikoni unaipita. Ndiyo sababu utaona nyumba nyingi zimeezekwa lakini madirisha yake ni mabati yaliyopigiliwa misumari.

Sasa turudi kwenye bei.

Kosa la daftari letu halikuwa kwamba bei zake zilikuwa za uongo. Zilikuwa za kweli, siku zilipoandikwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliandikwa shilingi 580. Siku ya kumwaga zege ya linta walinunua kwa 780. Chuma cha milimita 12 kiliandikwa 950, kikanunuliwa kwa 1,350. Hakuna pahali popote kwenye daftari palipoandikwa tarehe ya bei, wala tarehe ambayo kifaa kingehitajika. Ilikuwa kana kwamba nyumba nzima ingenunuliwa alasiri moja.

Nasi wengi wetu hatujengi hivyo. Tunajenga kwa awamu, mkopo wa ushirika ukitoka, mavuno yakiuzwa, chama kikizunguka. Huo ni mtindo mzuri, usione haya nao, lakini una hesabu yake. Chukua nyumba ambayo ikijengwa leo yote kwa mara moja itakula shilingi 3,000,000. Wewe unapanga kuchimba msingi mwaka huu kwa 600,000, kuinua kuta mwaka ujao kwa 700,000, kuezeka mwaka wa pili kwa 600,000, kisha kumalizia mwaka wa tatu kwa 1,100,000. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 8 kwa mwaka. Msingi utabaki 600,000 kwa kuwa unaujenga sasa. Kuta zitakuwa 756,000. Paa litakuwa karibu 700,000. Na umaliziaji, ule mkubwa ulioachwa mwisho, utafika kama 1,386,000. Jumla ni karibu 3,442,000. Umezidisha shilingi 442,000 bila kuongeza hata chumba kimoja. Bei zikipanda kwa asilimia 12, jumla inapita 3,680,000.

Hiyo asilimia utaitoa wapi? Usiitoe hewani, na usimwulize mwenye duka. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutangaza kila robo mwaka jinsi bei za vifaa vya ujenzi zilivyobadilika. Tazama miaka mitatu au minne iliyopita, uchukue wastani, halafu uongeze kidogo kwa ajili ya uoga. Kama hilo ni gumu, uliza bei za vifaa vyako vikubwa sita katika maduka matatu leo, na uziulize tena baada ya miezi sita. Utakuwa na asilimia yako mwenyewe, ya mji wako mwenyewe, na hiyo ni bora kuliko ya Nairobi kama unajenga Bungoma.

Tena vifaa havipandi pamoja, wala havisukumwi na kitu kimoja. Vyuma, mabati, vigae, nyaya za umeme na vifaa vya choo hufuata dola, kwa kuwa vinaletwa kutoka nje au vinatengenezwa kwa malighafi ya nje. Mapema 2020 dola moja ilikuwa kama shilingi 101. Januari 2024 ilipita 160. Mtu aliyekuwa akinunua vyuma katika kipindi hicho hahitaji kuelezwa. Baadaye mwaka huo dola ilishuka mpaka kama 130, na watu wakangoja bei za madukani zishuke vivyo hivyo. Zilizoshuka zilishuka kwa kusitasita. Bei hupanda mnazi kwa mbio, kuteremka ndiko hujikuna. Usiweke kwenye daftari lako matumaini ya bei kushuka.

Mchanga, kokoto na mawe ni mali ya nchi yetu wenyewe, lakini ni mizigo mizito na hufuata dizeli. Ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, na Septemba mwaka huo petroli na dizeli zote zilipita shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi. Tume ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Kama lori lako la mchanga linatoka mbali, tarehe hiyo ikuhusu. Na kadiri uwezavyo, jenga kwa kinachopatikana karibu. Mawe ya kukata ya Ndarugo ni mazuri, lakini mtu wa Kisii au Kakamega aliyezungukwa na matofali ya kuchoma, au wa Pwani aliye karibu na mawe ya matumbawe, ana sababu gani ya kulipia dizeli ya kilomita mia kadhaa?

Kisha kuna bei zinazosukumwa na sheria, na hizi ndizo zinazokuja bila kubisha hodi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ikakaa mpaka Julai 2023. Aliyepanga kenchi zake kwa bei ya mbao ya 2017 alikiona cha mtema kuni, au tuseme hakumwona mtema kuni kabisa. Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji wa mchanga mwaka wa 2015, na waliozoea kuchota huko wakalazimika kutafuta kwingine. Mwaka wa 2023 sheria ya fedha ilileta ushuru mpya kwa klinka na bidhaa kadhaa za chuma zitokazo nje. Kwa hiyo mwezi wa Juni, wakati wa bajeti, mwenye kujenga asisome tu habari za mkate na unga.

Kwa kuwa bei hucheza namna hii, kuna siri moja ambayo shangazi yule karani aliijua kutokana na kazi yake ya ghala. Usiandike shilingi kwanza. Andika idadi. Bei ya jiwe itabadilika mara kumi, lakini ukuta hautabadilika. Mita moja ya mraba ya ukuta wa mawe ya inchi tisa kwa tisa hula karibu futi 14 za mawe. Kama kuta zako, baada ya kutoa milango na madirisha, ni mita za mraba 150, basi unahitaji futi 2,100, na ongeza kidogo kwa yatakayovunjika. Sakafu ya zege ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 10 ni mita 10 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, kila mita ya ujazo hutaka kama mifuko sita na nusu ya saruji. Hiyo ni mifuko 65. Sasa saruji ikipanda kwa shilingi 200 kwa mfuko, unajua hasara yako mara moja. Sakafu imepanda kwa 13,000. Inauma, lakini si ya kumfanya mtu asimamishe ujenzi au amshuku mkewe. Mtu asiyekuwa na idadi husikia "saruji imepanda" na moyo wake wote huingia baridi.

Idadi hizi usizikisie kama hujui. Mlipe mkadiriaji majenzi akuandikie orodha kamili ya vipimo na vifaa, ile mafundi huiita BQ. Ukishindwa kumlipa mtaalamu, mwombe fundi wako akuhesabie, kisha mwombe fundi mwingine asiyetafuta kazi kwako akague. Weka safu nne kwenye daftari: kifaa, idadi, bei ya leo, na tarehe. Ya nne ndiyo iliyokosekana Kitengela.

Juu ya kila awamu ongeza fungu la dharura. Asilimia 10 ni ya kawaida, lakini kwa msingi mimi ningeweka 15 au hata 20 ikiwa hujachimba yale mashimo, kwa sababu chini ya ardhi hakuna anayeona. Na fungu hilo si la kununulia taa za mapambo. Likibaki, lisogeze kwenye awamu inayofuata.

Msomaji mmoja aliniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi: "Je, si afadhali niweke akiba kwanza mpaka zitimie zote, ndipo nianze?" Nilichukua kalamu nikajaribu. Anaweka shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka, na nyumba ni ile yetu ya 3,000,000. Mwaka wa kwanza nyumba inapanda kwa 240,000. Kwa hivyo baada ya mwaka mzima wa kujinyima amesogea hatua ya shilingi 60,000 tu. Anapungukiwa na 2,940,000. Baada ya miaka miwili anapungukiwa na 2,899,000. Baada ya mitatu, 2,879,000. Baada ya minne, 2,881,000. Umeona? Katika mwaka wa nne pengo limeanza kupanuka tena! Kwa akiba hiyo, ikikaa tu bila kuzaa chochote, hataifikia nyumba hiyo maishani mwake. Anaikimbilia matatu ambayo haisimami.

Akiba ikizaa faida katika ushirika mambo huwa nafuu, na ndiyo sababu pesa za nyumba hazifai kulala chini ya godoro. Lakini njia ya uhakika zaidi ya kuizuia bei isipande ni kukigeuza kile ulicho nacho kuwa kazi iliyokamilika. Msingi uliokwisha kujengwa haupandi bei. Mawe yaliyopangwa kwenye ploti hayapandi bei. Kokoto hazioki kutu wala hazioti ukungu.

Hapa nataka kuonya, kwa maana nimewaona watu wakilielewa neno hili kupita kiasi. Saruji si mawe. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupoteza nguvu, hata ukiiinua juu ya mbao na kuifunika. Inunue wiki unayoitumia. Vyuma hushika kutu, mbao hupinda na kuliwa na mchwa, na vyote viwili huvutia wageni wa usiku. Kuhusu kumlipa mwenye duka kabla, ili "akufungie bei" ya mabati ya mwaka ujao, fikiri mara mbili: duka likifungwa, unabaki na karatasi. Tena usianze awamu usiyoweza kuimaliza. Kuta zilizoachwa bila paa misimu miwili ya mvua zitakudai pesa za kuzitengeneza kabla hazijakudai mabati.

Na wale wanaopanga kumalizia kwa mkopo, riba ni kifaa cha ujenzi kama misumari. Iandikeni kwenye daftari. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikafika 13 Februari 2024 kabla ya kuanza kuteremshwa Agosti mwaka huo. Mkopo uliokadiriwa kwa riba ya mwanzo na kuchukuliwa kwa riba ya mwisho si mkopo ule ule.

Naona nafasi inakwisha na sijawaambia yaliyowapata wale wawili. Usiku ule wa risiti, bwana hakuomba msamaha wa kula pesa, kwa kuwa hakuzila, bali aliomba msamaha wa kukaa miaka minne bila kulifungua daftari pamoja na mkewe. Mama naye alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza kama kulikuwa na chai. Shangazi akasema ipo.

Walibaki na kiasi kidogo sana, hata nusu ya umaliziaji hakingetosha. Shangazi akawauliza kodi wanayolipa mjini ni ngapi. Ni 14,000 kwa mwezi. Basi wakaacha ndoto ya kumaliza nyumba nzima. Walipiga plasta vyumba viwili, jikoni na choo, wakaweka madirisha na milango ya sehemu hiyo peke yake, wakavuta umeme, wakahamia. Sebule mpaka leo ni saruji tupu na baiskeli za watoto. Zile 14,000 sasa zinaingia kwenye nyumba kila mwezi, 168,000 kwa mwaka, pesa ambazo hawakuwahi kuziandika popote kama chanzo cha kujengea.

Daftari jipya analiweka mama. Kila tarehe 15, siku moja baada ya bei za mafuta kutangazwa, anapigia simu maduka matatu ya vifaa, anauliza bei ya rangi, vigae na mbao za dari, anaandika na tarehe. Mumewe akiwa safarini humtumia picha ya ukurasa huo kwa simu, naye humjibu kutoka Malaba kwamba huko vigae ni nafuu kidogo, je, avibebe?

Jumapili ijayo: mkataba na fundi. Je, umlipe kwa siku au kwa kazi, na ufanye nini akitoweka baada ya kupokea kianzio?